Shahada ya ustawi wa jamii: deni linaanza lini, mshahara unaanza lini

Mpwa wangu alinikuta Majengo, kwenye kibanda cha viazi karai cha mamake, Ijumaa baada ya alasiri. Mkononi alikuwa na karatasi mbili alizochapisha saiba. Ya kwanza ilikuwa ya nafasi ya chuo kikuu: shahada ya ustawi wa jamii, miaka minne. Ya pili ilikuwa ya ufadhili na mkopo, tarakimu nyingi, maelezo machache.

"Shikamoo, mjomba. Mama asema wewe ndiwe uijuaye kazi hii. Yalipa?"

"Marahaba. Kulipa yalipa, mwanangu. La kuuliza ni yaanza kulipa lini."

Dadangu, aliyekuwa akichovya viazi kwenye rojo la unga wa manjano, alinitupia jicho la kuniambia niache mafumbo. Alitaka tarakimu. Basi nikaomba kalamu, tukageuza ile karatasi ya pili, tukaanza kuhesabu nyuma yake mpaka ikalowa mafuta.

Nimeifanya kazi hii miaka 13 hapa Mombasa. Nilianzia makao ya watoto, nikapita miradi ya waraibu wa dawa za kulevya, na sasa nashughulikia kesi za watoto. Najua benchi za Mahakama ya Tononoka zinavyochoma jioni, na najua mkataba unavyosomeka ukiwa umebakisha mwezi mmoja kuisha. Hesabu tuliyoipiga siku ile inaweza kumfaa mwingine mwenye karatasi kama zile.

Kwanza ilibidi tuondoe takataka. Mpwa wangu alikuwa amesoma makala kadhaa kwenye simu zinazosema kazi hii hailipi mpaka upate shahada ya uzamili na leseni, na kwamba deni hufutwa baadaye. Hayo ni ya Marekani. Kule majimbo hutoa leseni, leseni ya juu hupandisha mshahara, na aliyefanya kazi ya umma au ya shirika lisilo la faida anaweza kusamehewa salio la mkopo wa serikali baada ya kulipa mara 120, yaani miaka kumi. Uingereza nako huwezi kujiita jina hilo la kazi bila kusajiliwa. Hapa kwetu hakuna msamaha wa miaka kumi. Na tangazo la kazi kwa kawaida husema mwombaji awe na shahada ya ustawi wa jamii, sosholojia, saikolojia, maendeleo ya jamii "au inayofanana nayo". Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayoshusha mshahara. Muuguzi hashindani na mtu mwenye shahada inayofanana na uuguzi. Sisi tunashindana na kila aliyesoma chochote chenye neno jamii ndani yake.

Nani hubaki na deni kubwa zaidi

Zamani hesabu ilikuwa fupi. Sisi tulioingia chuoni kwa nafasi za serikali kabla ya 2023 tulitozwa karo ya Sh16,000 kwa mwaka, serikali ikamalizana na chuo kuhusu sehemu yake, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikatukopesha kiasi ambacho mara nyingi kilikuwa kati ya Sh35,000 na Sh60,000 kwa mwaka. Aliyekopa Sh45,000 mara nne alitoka na deni la Sh180,000.

Waliofuata wamekuta mambo mengine. Tangu 2023, gharama kamili ya kozi inatajwa, kisha inakatwa vipande vitatu: ufadhili usiolipwa, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Ukubwa wa kila kipande hutegemea bendi uliyowekwa kulingana na kipato cha nyumbani. Katika mpango wa bendi tano uliotolewa 2024, bendi ya kwanza, ya familia maskini zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Bendi ya tatu ni 50, 30 na 20. Ya tano ni 30, 30 na 40. Juu ya hapo kuna mkopo wa pili, wa kujikimu, unaoingia kwa mwanafunzi mwenyewe: Sh60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukishuka elfu tano kila bendi hadi Sh40,000 kwa ya tano.

Angalia tarakimu za katikati. Ufadhili unapanda na kushuka, sehemu ya familia inapanda na kushuka, lakini mkopo wa karo ni 25 au 30 tu. Watu husikia "bendi ya kwanza" wakadhani mtoto wa maskini atatoka na deni dogo. Tuchukue kozi ya Sh160,000 kwa mwaka, tarakimu ya mfano tu. Wa bendi ya kwanza atakopa Sh40,000 za karo na Sh60,000 za kujikimu, jumla Sh100,000 kwa mwaka. Wa bendi ya tano atakopa Sh48,000 na Sh40,000, jumla Sh88,000. Miaka minne ikiisha, mtoto wa familia maskini zaidi anadaiwa Sh400,000 na yule wa familia yenye uwezo anadaiwa Sh352,000. Tofauti ni kwamba babake huyu wa pili ametoa Sh256,000 mfukoni, na mamake yule wa kwanza ametoa Sh32,000.

Mpwa wangu alikuwa bendi ya tatu. Kwa kozi yetu ya mfano, hiyo ni Sh48,000 na Sh50,000, yaani Sh98,000 kwa mwaka na Sh392,000 kwa jumla. Zaidi ya maradufu ya zile Sh180,000 za zamani, kwa kazi ileile.

"Na hizi za familia?" akauliza dadangu.

Sh32,000 kwa mwaka, Sh128,000 kwa miaka minne. Alinyamaza, akageuza viazi. Bangili zake mbili za dhahabu nilikuwa nimeshaziona hazipo mkononi. Zilikwenda rehani mwaka uliopita, karo ya shule ya huyuhuyu binti. Deni la shahada si lile la HELB peke yake. Kuna la chama, la duka la sonara, la shangazi, na hayo hayaandikwi kwenye barua yoyote.

(Mfumo huu umepelekwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, baadaye Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo, na 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Kwa hiyo tumia barua yako mwenyewe, ya mwaka huu, na uweke tarakimu zake mahali pa zangu.)

Asilimia 4 na shilingi elfu tano

Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Huwezi kupata pesa rahisi kuliko hizo mjini hapa. M-Shwari ilipoanza 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Nimeona vijana wakiogopa kuomba mkopo wa kujikimu kwa sababu "sitaki deni", kisha muhula ukifika katikati wanakopa kwenye simu kila wiki. Huko ni kukimbia mvua ukaingia baharini.

Kwa deni la Sh180,000, asilimia 4 ni Sh7,200 kwa mwaka, yaani Sh600 kwa mwezi. Kwa Sh392,000 ni Sh15,680 kwa mwaka, kama Sh1,300 kwa mwezi. Riba haimuui mtu.

Kinachoua ni tarehe. Sheria inamtaka aliyekopa ajitokeze na aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asipofanya hivyo, faini ni Sh5,000 kwa kila mwezi anaochelewa. Haijali kama ulikopa kidogo au kingi. Kwa yule wa Sh180,000, faini ni zaidi ya mara nane ya riba. Akikaa kimya miaka miwili, anaongezewa Sh120,000 za faini na Sh14,400 za riba, na deni linafika Sh314,400 bila yeye kuongezewa hata senti mkononi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba riba na faini zisizidi mkopo wenyewe, kwa hiyo deni la Sh180,000 lina dari ya Sh360,000. Ni dari, lakini iko juu sana kwa mtu aliyesimama chini.

Najua hili kwa kosa langu mwenyewe. Nilimaliza chuo 2011 na mkopo wa Sh168,000. Mwaka wa kwanza nilijitolea kwenye makao ya watoto kwa posho ya nauli na chakula cha mchana. Nilijiambia, nitaanza kulipa nikipata kazi ya kweli. Sikuandika barua, sikupiga simu, sikwenda kuuliza. Miezi 14 ya ukimya ilinigharimu Sh70,000. Nilikuja kujua siku nilipoitwa kazi iliyotaka cheti cha HELB, nikafungua akaunti yangu nikadhani nimefungua ya mtu mwingine.

Hapo ndipo mtego ulipo. Asiyelipa huweza kuorodheshwa CRB, kwenye rekodi za wadaiwa ambazo wakopeshaji huzitazama, na kazi za serikali huomba cheti cha kuonyesha kwamba huna deni la HELB ulilolitelekeza. Deni linakaa mlangoni pa kazi ambayo ingelilipa.

Nilimwambia mpwa wangu neno moja la kufanya, nalo ni la bure: mwaka wa neema ukikaribia kuisha na huna kazi, nenda dawati la HELB pale Huduma Centre, ueleze hali yako, ukubaliane nao kiasi, hata kiwe kidogo, ukitume kwa M-Pesa. Mara kadhaa bodi imetangaza msamaha wa faini kwa anayelipa mkopo kwa mkupuo, lakini anayeutegemea msamaha anahitaji kuwa na mkupuo.

Mshahara wa miezi tisa

Sasa upande wa pili wa karatasi. Tukachukua mshahara wa Sh35,000 kwa mwezi, wa mfano. Makao madogo ya watoto hulipa chini ya hapo, na mashirika makubwa ya kimataifa hulipa juu yake. Serikalini, mwenye shahada huanzia daraja la juu kuliko mwenye stashahada, na kazi ni ya kudumu, ila nafasi hutangazwa kwa nadra na waombaji ni msururu.

Katika Sh35,000, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, huchukua asilimia 6, Sh2,100. Bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, kama Sh963. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, Sh525. Makato hayo hutolewa kwanza, kisha kodi ya mapato huhesabiwa kwa kilichobaki: kama Sh1,850. Mkononi zinabaki kama Sh29,560.

Mpwa wangu akaandika matumizi kwa mwandiko mzuri. Chumba Kisauni Sh8,000. Nauli Sh150 kwa siku, siku 22, Sh3,300. Chakula Sh9,000. Za mama Sh4,000. Jumla Sh24,300. Zinabaki Sh5,260 na bado hajanunua kiatu.

Kulipa Sh392,000 kwa miaka mitano, kwa riba ya asilimia 4 juu ya salio, ni kama Sh7,220 kwa mwezi. Haiingii. Akikubaliana na bodi alipe kwa miaka kumi, inashuka hadi kama Sh3,970. Inaingia kwa kubana. Kwa jumla atakuwa amelipa kama Sh43,000 zaidi kuliko angelipa kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo bei ya kupumua, na mimi ningeilipa.

Lakini hesabu hiyo ina uongo ndani yake, nikamwambia, kwa sababu inadhani mshahara unaingia miezi 12. Kazi nyingi za ustawi wa jamii hapa Mombasa huja kwa mkataba wa mradi. Mradi una mfadhili, mfadhili ana mwaka wake wa fedha, na katikati ya mkataba na mkataba kuna miezi ya kukaa. Nimefanya kazi kwa mikataba saba. Ukilipwa miezi tisa, gawanya kwa 12: Sh29,560 inakuwa kama Sh22,170. Hiyo ni chini ya matumizi yake kabla HELB haijatajwa.

Januari 2025 tulikiona kwa macho. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likawa limefungwa. Miradi ya ukimwi na ya mayatima, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyowaajiri wenzetu, ilikatwa kama umeme. Mwenzangu mmoja alipokea ujumbe wa kusimamisha kazi akiwa nyumbani kwa familia huko Likoni, daftari la kesi mapajani. Alimaliza mahojiano, akaaga, akapanda feri. HELB yake iliendelea kuhesabu.

Zipo sehemu ambazo kazi itaongezeka. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto watolewe makaoni warudi kwenye familia. Mwenye ndoto ya kuajiriwa na makao ya watoto afahamu kwamba mlango huo unasinyaa. Kutafuta ndugu wa mtoto, kukagua nyumba, kufuatilia malezi ya kambo: huko ndiko kazi inakohamia. Hospitali nazo zinamhitaji mtu wa kukaa na familia iliyoshindwa na bili. Magereza na shule za kurekebishia watoto, kuanzia Shimo la Tewa hadi Likoni, zina kazi isiyoisha.

Dadangu akauliza juu ya stashahada. Swali zuri kuliko lolote la siku ile. Stashahada ni fupi, mwenye C- ya KCSE anaingia, na karo ya vyuo vya ufundi vya serikali ni chini ya nusu ya kozi yetu ya mfano. Uwanjani, mwenye stashahada na mwenye shahada hupanda matatu moja, huandika ripoti ileile. Tofauti huja kwenye kupanda cheo na kwenye madaraja ya serikali. Maoni yangu, na najua wahadhiri watanikasirikia: aliye bendi ya nne au ya tano, ambaye familia itabidi iuze kitu, aanze na stashahada, aajiriwe, kisha asomee shahada jioni huku akilipwa. Aliye bendi ya kwanza au ya pili achukue shahada, kwa sababu ufadhili wa asilimia 60 au 70 hautamrudia mara ya pili. Na anayetaka kuisoma kwa kujilipia mwenyewe yote, kwa mkopo wa sako au kwa kuuza shamba, nitamshika mkono nimzuie.

Bendi ya tatu iko katikati, ndiyo maana tulikaa mpaka magharibi.

Kuna jambo moja lililobaki, na kwa familia nyingi za hapa ndilo la kwanza: riba. Babake mpwa wangu, Mungu amrehemu, asingeligusa deni la riba hata kwa fimbo. Dadangu alilitaja kwa sauti ya chini. Fatwa si kazi yangu, nikamwambia amuulize sheikh wake. La hesabu naweza kulisema: kukataa mkopo ni kutafuta Sh98,000 kwa mwaka juu ya zile Sh32,000 za familia. Basari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, husaidia, lakini huja vipande vipande na kwa wakati wake yenyewe. Anayeamua hivyo aamue akiwa ameiona jumla: Sh130,000 kila mwaka.

Adhana ilipolia, mpwa wangu alikuwa amekwisha kuamua, ingawa hakusema. Alifungua kalenda ya simu, akahesabu miaka minne, akaongeza miezi 11, akaandika: "Huduma Centre, HELB, hata kama sina kazi." Kisha akakunja karatasi yenye mafuta akaitia mkobani.

"Mjomba, na wewe? Ya kwako ulimaliza lini?"

Dadangu aliacha kuchovya viazi ili asikie jibu.

"Bado miezi mitano," nikasema.